Uliza Afande: Hewa ya Kurudi Nayo

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu seti za kupumulia, ile mitungi ambayo watu wa zimamoto huibeba mgongoni wanapoingia kwenye moshi. Nimefurahi. Nilitumikia zimamoto miaka 26, na 11 ya mwisho kazi yangu ilikuwa stoo ya seti: kuzipima, kuziosha, kuzijaza, na kuzikataa zilipostahili kukataliwa. Vijana waliingia ndani ya moto wakitegemea kitu nilichokishika mimi jana yake. Usiku niliposikia gari linatoka na king'ora, nilikuwa nazikumbuka seti moja moja, namba zake na vali zake, mpaka gari lirudi.

*Habari Afande mama. Niko kikosi cha moto cha kiwanda kimoja hapa Jinja. Mitungi yetu ni ya lita 6.8, inajazwa hadi presha ya baa 300, na fundi alituambia inakwenda dakika 45. Kwenye mazoezi filimbi yangu ya kuonya kwamba hewa inakwisha inalia baada ya dakika 20 tu, mwenzangu mmoja anafika 30. Wananicheka kwamba nahema kwa woga. Nina ugonjwa? — Kijana wa Jinja*

Mwanangu, huna ugonjwa. Kaa chini na hao wanaokucheka, mchukue kalamu.

Lita 6.8 mara baa 300 ni lita 2,040 za hewa. Kwa kweli ni pungufu kidogo, maana hewa iliyobanwa kiasi hicho haifuati hesabu ya kuzidisha sawasawa, lakini kwa kazi yetu inatosha kuanzia. Aliyesema dakika 45 alimfikiria mtu anayetumia lita 40 na kitu kwa dakika. Huyo ni mtu anayetembea ametulia. Wewe unavuta hozi iliyojaa maji, umepiga magoti, koti zito mwilini, joto limekukaba. Filimbi inalia mtungi ukibaki na baa 55 hivi, kwa hiyo hadi hapo umetumia lita 1,666. Zigawanye kwa dakika 20: lita 83 kwa dakika. Hiyo ni pumzi ya mtu mzima anayefanya kazi nzito, na wapo wanaopita 100. Mwenzako wa dakika 30 labda ana mwili mwepesi, au ana mazoezi zaidi, au siku hiyo hozi uliivuta wewe.

Lakini barua yako imenishtua kwa jambo jingine. Umeandika kana kwamba filimbi ndiyo inayowaambia mtoke. Wengi wanafundishana hivyo, na ni mafunzo mabaya. Filimbi inapolia unatakiwa uwe umeshatoka, au una mkono mlangoni. Kilichobaki baada ya filimbi ni akiba ya siku dari litakapoanguka na kuziba njia uliyoingilia.

Hesabu ya kutoka inaanza unapofika mahali pa kazi. Tuseme umeingia na baa 290. Umetambaa hadi chumba cha mwisho, ukatazama geji, inasema 220. Njia imekula baa 70, na kurudi itakula 70 nyingine. Ongeza akiba ya 60. Jumla ni 130. Geji ikifika 130, unageuka, hata kama umebakisha hatua tatu kumaliza. Kati ya 220 na 130 una baa 90 tu za kazi. Kwa pumzi yako ya lita 83, hizo ni dakika saba na kidogo. Ndiyo, saba! Vijana wengi hawaamini mpaka niwaandikie ubaoni. Na mkiwa wawili, anayetangulia kuishiwa ndiye anayewageuza wote. Hakuna kumwambia mwenzako "tangulia, nakuja".

Nje awepo mtu mwenye saa na ubao, ameandika jina lako, baa ulizoingia nazo na dakika uliyoingia. Mtu huyo asitumwe kuleta maji, asiitwe na meneja, asishike simu ya mtu. Kazi yake ni kuwahesabia waliomo ndani.

Ukitaka kupunguza hizo lita 83, vaa seti siku ambazo hakuna moto. Panda ngazi nayo, zungusha uwanja nayo, jifunze kutoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta. Baada ya miezi miwili uniandikie tena.

*Salamu Afande. Mimi ni mtunza stoo wa hoteli moja huku Mbarara. Tuna seti mbili alizotuachia mwenye hoteli wa zamani. Kupeleka mitungi Kampala kujazwa ni gharama. Hapa jirani kuna fundi wa kuchomea vyuma mwenye oksijeni, na mbele kidogo kijana wa pancha ana kompresa. Nimpelekee yupi? — Mtunza stoo*

Usimpelekee yeyote kati yao, ndugu yangu. Tena kama umeshampelekea mmoja, mtungi huo uweke kando leo, uandike "usitumike", kisha uendelee kusoma.

Ndani ya mtungi wa zimamoto mna hewa ya kawaida, hii hii ninayovuta nikikuandikia, iliyosafishwa na kubanwa. Magazeti huandika "mitungi ya oksijeni" na watu wanaamini. Oksijeni tupu ikipita kwenye vali zenye chembe ya mafuta au grisi inaweza kuwasha moto humo humo ndani ya vali. Ikivuja kwenye koti la mtu aliye karibu na moto, koti ambalo lingeungua taratibu litawaka ghafla. Fundi wa kuchomea hana nia mbaya, ila gesi yake ni ya chuma.

Kijana wa pancha, kompresa yake inatoa baa 8 au 10. Mtungi wako unataka 300, kama ni wa aina hiyo. Na hata ingeweza kufika, hewa yake ina mafuta na unyevu. Mafuta yanakwenda kwenye mapafu, na unyevu unakula chuma cha mtungi kwa ndani.

Nitakusimulia jambo, kwa sababu linaniuma hadi leo. Kituo kimoja nilichofanya kazi tulikuwa na kompresa nzuri, ya kujazia seti hasa. Umeme ukakatika tukiwa na mitungi saba ya kujaza kwa ajili ya mazoezi ya kesho. Nikawasha jenereta, nikaiweka nje upande wa pili wa ukuta, nikaendelea kujaza. Jioni upepo ukageuka. Mdomo wa kompresa, pale inapovutia hewa, ukawa unapokea moshi wa jenereta yangu. Sikunusa kitu, maana moshi wenye harufu uliishia kwenye vichungi, lakini kabonimonoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina harufu wala rangi, na kichungi cha kuishughulikia kilikuwa kimepitisha muda wake. Asubuhi vijana watatu wakavua barakoa katikati ya mazoezi. Mmoja alitapika, wawili walishika vichwa. Walikuwa uwanjani, chini ya jua, wakakaa kwenye hewa safi, wakapelekwa kwa daktari, wakapona. Wangekuwa ndani ya ghorofa inayoungua, nisingekuwa na cha kuwaambia mama zao.

Kabonimonoksidi hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Ndiyo inayowaua watu waliolala na sigiri chumbani wakati wa baridi. Kipimo cha Ulaya cha hewa ya kupumulia hakiruhusu zaidi ya sehemu 5 katika milioni. Kwa hiyo yeyote utakayempelekea mitungi, hata huko Kampala, muulize mambo mawili bila haya: hewa yako ilipimwa lini mara ya mwisho, na vichungi ulibadilisha lini? Aliye makini hapimi hewa yake mara moja kwa mwaka, anaipima angalau kila miezi 3, na karatasi anayo. Akikasirika kwa kuulizwa, rudi na mitungi yako.

Kabla ya hata kujaza, soma maandishi shingoni mwa mtungi au kwenye kibandiko chake. Kuna tarehe ya kupimwa kwa presha ya maji, jambo ambalo kwa kawaida hufanywa kila baada ya miaka 5. Mitungi mingi iliyozungushiwa nyuzi za kaboni hupewa maisha ya miaka 15, baada ya hapo ni ya kuharibiwa, isiuzwe wala kugawiwa. Seti za kurithi kama zenu mara nyingi zimeshapita. Ikiwa hivyo, mwambie bosi wako ukweli: mna mapambo mawili ukutani, na siku ya moto mtu atayaamini.

Zikionekana nzima na zikajazwa vizuri, kila mwezi zitoe. Geji isome angalau 270 kwa mtungi wa baa 300. Fungua mtungi, subiri mipira ijae presha, funga, tazama geji dakika nzima. Ikishuka zaidi ya baa 10, kuna mahali panavuja, nayo haitumiki. Kisha achia hewa kidogo kidogo kupitia vali ya barakoa huku ukitazama mshale, usikie filimbi inaanza kulia wapi. Ikilia kwenye 50 au 60, vema. Ikinyamaza, usijisemee kwamba labda ni vumbi. Barakoa itazame kwenye mwanga kama kioo chake kina nyufa, vuta kila kamba, vaa, ziba tundu la hewa kwa kiganja, vuta pumzi: inapaswa ikukandamize usoni na ibaki hivyo. Kama seti ina king'ora cha kulia mvaaji asipojongea, kaa kimya bila kutikisika nusu dakika, usikie kama kinaamka. Kipete cha mpira pale mtungi unapofungwa kikiwa kimekauka, badilisha. Ni kitu kidogo cha pesa kidogo, na nimeona kikimwaga mtungi mzima. Kila ulichokiona kiandike kwenye daftari, na jina lako.

Na mtungi usiumalize hadi sifuri. Bakisha hewa kidogo na ufunge vali, ili unyevu usipate mlango.

*Asalaam alaykum Afande. Nimejiunga na kikosi cha kujitolea Mbale. Mkufunzi anasema lazima ninyoe ndevu ndiyo nivae barakoa. Ndevu zangu nimezifuga kwa imani. Dada yetu mmoja naye anauliza kuhusu hijabu. — Abu Yusufu*

Waalaykumu salaam, mwanangu. Mkufunzi wako hasemi vibaya, ingawa natamani angekueleza sababu. Barakoa inaziba kwa ukingo wa mpira kugusa ngozi: paji la uso, mashavu, chini ya kidevu. Nywele zikipita chini ya ukingo huo, kila unywele ni mfereji. Seti zetu husukuma hewa ndani ya barakoa ili moshi usiingie, ndiyo maana wengine hudai ndevu si neno. Lakini hewa inayosukumwa inatokea kwenye ndevu, mtungi unaisha mapema, na ukivuta pumzi kubwa kwa nguvu, moshi unapata nafasi. Hata ndevu za siku mbili tatu zinatosha kuharibu.

Sitakuambia unyoe. Hilo ni kati yako na Mola wako, na unaweza kumuuliza imamu ukimweleza kazi yenyewe ilivyo. Ninachokuambia ni kwamba ukiwa na ndevu usiingie ndani. Kuna pampu, kuna ubao wa nje niliomwandikia kijana wa Jinja, na mtu makini wa ubao ni adimu kuliko mtu wa kuingia. Dada avae hijabu nyembamba inayobana, ukingo wake uishie nyuma ya mpira wa barakoa, kamba zipite juu yake. Misuko minene nayo muikumbuke, inazizuia kamba kukaa. Na mwenye miwani asiivae ndani ya barakoa, mikono ya miwani inaachanisha ukingo na ngozi. Ziko fremu maalumu zinazofungwa kwa ndani.

*Mama, mume wangu anazibua mashimo ya vyoo hapa Kisenyi. Zamani alishuka bila kitu. Sasa tajiri wake amempa barakoa ya vichungi viwili vya pembeni, anasema ndiyo wanayovaa zimamoto. Nalala roho juu. Nimwamini? — Mama Shamimu*

Usimwamini, mwanangu. Na leo hii, kabla hajaondoka, msomee mume wako haya.

Kichungi kinasafisha hewa iliyopo, hakiwezi kutengeneza ambayo haipo. Hewa nzuri ina oksijeni asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5 inahesabiwa si ya kuingia, na ndani ya shimo inaweza kuwa chini mno, kwa sababu uchafu unaooza umeila. Macho hayaoni tofauti. Mtu anashuka, anavuta pumzi mbili tatu kupitia vichungi vyake vizuri, na miguu inamwisha.

Halafu iko gesi ya mayai yaliyooza, sulfidi ya hidrojeni. Mwanzoni inanuka. Ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, na mtu anafikiri imekwisha, kumbe imeongezeka. Na iko methani, inayoweza kulipuka kwa cheche. Nimetoa watu shimoni. Karibu kila mara hawakuwa mmoja. Alianguka wa kwanza, ndugu yake akaruka kumsaidia, kisha jirani. Hii ndiyo sehemu ninayotaka Shamimu na kaka zake waijue pia: baba akianguka ndani, hakuna kushuka. Piga 999 au 112, piga kelele, teremsheni hewa kama mna feni, vuta kamba kama amefungwa kamba. Kushuka hapana.

Hata sisi wenye seti hatushuki kienyeji. Kwanza kipimo cha gesi kinateremshwa kwa kamba, juu kuna stendi ya miguu mitatu yenye kamba ya kumvuta, na kuna mtu wa pili aliyevaa seti yake, akisubiri. Tajiri wake kama hana hivyo, gari la kunyonya lifanye kazi kutokea juu na mume wako abaki juu. Najua ni chakula cha nyumbani kwenu. Nimeandika nikilijua.

*Afande, mimi ni matroni wa shule ya bweni karibu na Masaka. Kamati ya wazazi imechanga pesa baada ya kusikia habari za mabweni kuungua. Wanataka zinunuliwe seti mbili za kupumulia, niwe nazo mimi na askari wa usiku. Tununue zipi?*

Msinunue, dada yangu. Nimetunza seti nusu ya maisha yangu ya kazi, na ndiyo maana nakuambia hivyo. Seti bila mafunzo ya kila mwezi inamwingiza mtu ndani akiwa na ujasiri asiokuwa nao kawaida, na hewa asiyojua kuihesabu. Tangu moto wa shule ya Buddo mwaka 2008 hadi ule wa shule ya Salama kule Mukono mwaka 2022, nchi yetu imezika watoto wa mabweni. Moto wa godoro la sponji unatoa kabonimonoksidi na sianidi kwa haraka kiasi kwamba nyinyi mkimaliza kufunga mikanda, wengi waliomo hawawezi tena kuamka.

Pesa hizo ziende kwenye mlango wa pili wa bweni, yote miwili ifunguke kwa nje na isifungwe kwa kufuli watoto wakiwa ndani. Ziende kwenye nondo za madirisha, zifanywe za kufunguka. Vigunduzi vya moshi vya betri. Vitanda vipunguzwe mpaka njia ya katikati ionekane. Halafu mara moja kwa muhula waamshe watoto usiku wa manane, watoke, uwahesabu, ujue zilipita dakika ngapi. Zikibaki pesa, alikeni kituo cha zimamoto kilicho karibu nanyi kije kiwafundishe.

*Afande, mume wangu ni zimamoto. Anakuja na barakoa nyumbani, anaitundika dirishani, chumba chote kinanuka moshi. Tuna mtoto wa miezi minne. Nikisema anasema harufu hiyo ndiyo mshahara wetu. — Mke wa kambini*

Mwanangu, mumeo nampenda kwa kuitunza barakoa yake, maana wako wanaoitupa chini ya kiti cha gari. Lakini isije nyumbani. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Masizi yale unayoyanusa ni sehemu ya sababu. Yanashika kwenye mpira, kwenye kamba, kwenye shingo ya mtu, kisha yanahamia kwenye shuka la mtoto.

Mwambie hivi kutoka kwangu. Barakoa ivuliwe mwisho kabisa, si moto unapozimika. Wakati wa kufukua majivu ndipo vijana huvua wakajipepea, na hewa ile bado ni sumu. Pale pale nje seti ipigwe brashi na maji kabla ya kupandishwa kwenye gari. Kituoni barakoa ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, isiguswe na petroli wala dawa kali ya kusafishia choo, isuuzwe, ikaushwe kivulini. Dirishani kwenu jua linaukausha mpira na kukifanya kioo kuwa na ukungu, kwa hiyo hata barakoa yenyewe inaumia pale. Ikikauka, kamba zilegezwe zote, iwekwe kwenye mfuko wake bila kukunjwa.

Na yeye aoge kituoni. Ikiwa maji hayapo, mwekee beseni na sabuni uani, nguo za kazi zibaki huko huko, zifuliwe peke yake mbali na nepi. Mtoto umpe akishaoga. Atalalamika siku mbili tatu, naye ukiona analalamika sana mwambie aje stoo aniulize. Nimestaafu, lakini Jumamosi huwa niko pale nikiwafundisha vijana wapya kupima geji.